Mwaka Niliokaa Nyuma ya Televisheni

Simu ya mama Masika ilinikuta nimeinamia mashine ya daktari wa meno. Daktari huyo ni kijana wa hapa Kitwe, mtu wa heshima, mwenye mke na gari zuri, na nyumbani kwake ana kabati zima la mashine za zamani za michezo ya televisheni, ambazo huziagiza kutoka nchi za mbali kama wengine wanavyoagiza viatu. Hataki kuzichezea kwenye televisheni hizi bapa za siku hizi. Anataka ile ya zamani, yenye tumbo nyuma na kioo kinene, na anataka picha itulie juu yake bila kutikisika hata kidogo. Kazi hiyo naijua. Nafungua mashine, natafuta mahali ambapo sinkro, ishara inayoiongoza picha, inatoka kabla haijachanganywa na picha, naitoa kwa waya wake peke yake, kisha narudisha kifuniko. Wateja huniuliza nilijifunzia wapi. Huwajibu "kwetu" na kuendelea na kazi, kwa sababu nikianza kueleza hawataondoka. Siku hiyo ncha ya chuma cha kulehemu ilikuwa ya moto mkononi nilipoona namba ya Kongo. "Ngalula," mama Masika alisema, kwa sauti kavu ya mtu aliyekwisha kulia, "muzee amelala. Jana muchana, kwenye kiti yake. Ukuje." Nikamwambia nakuja. Nikaweka chuma chini bila kukizima, na nilipokuwa napanga nguo kwenye begi ndipo mwanangu aliponifuata kuniuliza kama najua kwamba meza inaungua.

Papa Kambale, mumewe mama Masika, hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye malori na depo ya chumvi, sabuni na samaki wakavu huko Kampemba, Lubumbashi, na kwa mwaka mmoja wa ujana wangu nilifanya kazi kwake. Kwenye basi la kwenda mpakani nilijaribu kufikiria mazishi, nitamwambia nini mjane, nitafikia wapi, lakini kichwa kilikataa kukaa huko. Kilikimbilia mwaka ule. Mambo ya ukoo wangu niyaache. Yatosha kusema nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, naishi na tantine Mbuyi, shangazi yangu aliyekuwa anauza unga, na majina yetu peke yake yalimwambia kila mtu mjini kwamba wazee wetu walitoka Kasai, ingawa yeye na mimi wote tulizaliwa Lubumbashi na Kasai hatukuwa tumeiona kwa macho. Zaire ilikuwa inabomoka. Askari walikuwa wamekwisha kuupora mji, na maduka makubwa yalibaki matundu meusi yenye vioo vilivyovunjika sakafuni. Taasisi niliyokuwa nasomea umeme na redio haikufungwa kwa tangazo. Wiki moja walimu hawakuja, wiki iliyofuata mlinzi naye hakuja, na nilipopita tena mtu alikuwa amebeba madirisha. Nilibaki na mikono isiyo na kazi. Nilikuwa nafagia ua asubuhi, nafagia tena kabla ya chakula, na jioni tena, mpaka tantine akaninyang'anya ufagio. "Mwana wanyi," akasema, "utatuchimbia kisima mu hii lupango. Enda ukatafute pa kupeleka hiyo miguu yako."

Nikaipeleka kwa papa Kambale, kwa sababu nilisikia amepata hasara ya ajabu. Alikuwa ameagiza redio kwa njia ya kusini, na makasha yalipofunguliwa, yaliyokuwa chini yalijaa vitu vyeusi bapa, vyenye maandishi ya Kijapani na vishikio viwili vya waya kila kimoja. Vilikuwa vimetumika, vingine vilikuwa bado na vibandiko vya watoto wasiojulikana. Nilimkuta amesimama katikati ya depo na kimoja mkononi, anakitikisa sikioni kama yai. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye koti la suti lililovaliwa juu ya kaptula, na alikuwa anaongea na vitu kama anavyoongea na watu. "Niliagiza redio, weye unakuja na nyuso ya nani?" alikiambia. Kisha akaniona. "Weye ulisoma mambo ya kuran, umeme huu. Hizi vitu zinaimba ao haziimbi?" Nikamwambia haziimbi, zinachezwa, na kama akinipa televisheni nitajua zaidi. Mama Masika, mkewe, alikuwa amekaa kwenye gunia la chumvi akihesabu sabuni, na bila kuinua kichwa akasema vitu hivyo vitoke ndani ya depo kabla ya Jumapili, vikiimba au visipoimba.

Ya kwanza niliiua. Ilitaka umeme mdogo wa kwao, nami nikaipa umeme wetu; ikatoa sauti ya kikohozi na moshi mweupe, na papa Kambale akavua kofia kama kwenye msiba. Ya pili niliifungia transfoma niliyoitoa kwenye redio ya zamani ya misheni. Ikawaka. Tukaiunga kwenye televisheni kwa waya wa antena, na picha ikatokea: ya kijivu, isiyo na rangi, inapanda juu bila kusimama, inatokea chini na kupanda tena, mpaka mama Masika akasema anasikia kichefuchefu na kwenda nje. Televisheni ile ilikuwa ya Wazungu waliokuwa wameuza kila kitu kabla ya kukimbilia uwanja wa ndege, kubwa, yenye ubao pembeni, na nyuma ilikuwa na tundu pana la kuunganishia waya ambalo Wafaransa hulipenda. Nilipoona tundu lile nikapiga magoti nyuma yake. Kupitia pale ningeweza kuingiza rangi tatu, kila moja kwa waya wake, nyekundu, kijani na buluu, bila kumwomba televisheni atafsiri Kijapani. Siku nilipomaliza waya huo, picha ilitoka na rangi nzito kama za vitenge vipya, na wapakiaji wa malori waliacha magunia na kuja kusimama nyuma yangu.

Papa Kambale alifungua chumba cha mbele cha depo siku ileile. Kilikuwa kirefu na chembamba, kimekaa kati ya magunia ya chumvi upande mmoja na makatoni ya sabuni upande mwingine, na harufu yake sijaikuta popote tena: chumvi, samaki, sabuni, mazuti ya jenereta na jasho la vijana. Vijana walikuwa wengi, kwani mji mzima haukuwa na shule wala kazi. Walikaa juu ya magunia wakisubiri zamu, na kazi yangu ilikuwa kutengeneza mashine zilizobaki, na kuzima mashine saa aliyolipia mtu ilipoisha. Kwa kazi ya kwanza walinipenda, kwa ya pili walinichukia. Aliyekuwa anakuja kila siku ni mmoja aliyeitwa Mwansa, mrefu, wa umri wangu, mwenye viatu vya mpira vilivyofungwa kwa waya wa umeme. Alikuwa anacheza mpira tu, akiwa amesimama, akitukana kwa upole. Naye ndiye aliyenipa shida iliyonila mwaka ule. "Yaya fundi," dada fundi, akaniita siku moja, "kuya uone. Kichwa yake inapinda."

Alikuwa anasema kweli. Uwanja ulipokuwa wa kijani kibichi picha ilitulia, lakini kioo kilipojaa weupe, goli lilipofungwa na maandishi makubwa yakatokea, sehemu ya juu ilijipinda upande, ikatetemeka, vichwa vya wachezaji vikahama kutoka kwenye shingo. Nilijua sababu. Televisheni haijui yenyewe pa kuanzia mstari. Inasubiri kupigiwa mdundo, na mdundo huo ndio sinkro. Mimi nilikuwa nimeuchukua mdundo kutoka kwenye waya ambamo picha na rangi vyote vimekwisha kuchanganywa, hivyo weupe ulipozidi, televisheni ilishindwa kutofautisha mdundo na kelele. Dawa ilikuwa kuuchukua mapema, kwenye mguu wa chipu unakozaliwa. Lakini mguu upi? Sikuwa na mchoro, sikuwa na kipimo. Kile cha taasisi kilikuwa kimekwenda na madirisha. Basi nikachukua waya wenye kapasita ndogo nchani, nikawa nagusa mguu mmoja, natazama kioo, nagusa mwingine, natazama. Mingine ilifanya picha ipotee. Mingine ilitoa michirizi. Nilifanya hivyo siku baada ya siku, nimekaa nyuma ya televisheni kwenye kona waliyonitengea kwa makatoni ya sabuni, na kioo kidogo cha kunyolea cha papa Kambale kimetundikwa mbele ili nione picha bila kuinuka.

Nakumbuka kwamba sikuweza kukaa nyumbani. Nyumbani kulikuwa na redio ya tantine, na redioni wakubwa walikuwa wameanza kuzungumza habari ya watu wa Kasai. Kwanza walituita wageni. Baadaye likaja neno bilulu, wadudu, na likatoka redioni likaingia sokoni, likaingia kanisani, nikalisikia kutoka kwa mwanamke aliyenifundisha kusuka nywele. Habari za Likasi na Kambove zilikuwa zinafika na madereva wa papa Kambale: nyumba zimevunjwa, watu wamelala stesheni wakisubiri treni ambayo haiji. Madereva walikuwa wanayasema haya wakila, wakimega bukari, ugali wetu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha wanaona nipo, wananyamaza na kuniuliza juu ya mashine. Papa Kambale hakuniambia lolote. Ila nilianza kusikia anavyonitambulisha. Mteja alipouliza huyu msichana ni nani, alijibu "mudogo wa Masika," yaani mdogo wa mkewe, na tangu hapo jina langu halikutajwa tena katika chumba kile. Mama Masika alinipa kitambaa chake kimoja cha kichwa nikifunge kama wanawake wa kwao wanavyofunga. Nilikifunga.

Mguu wa sinkro niliupata siku ya mvua, mchana. Niligusa, na kwenye kioo cha kunyolea picha ikakaa. Ikakaa! Mwansa akafunga goli, weupe ukajaa, na vichwa vikabaki kwenye shingo zake. Nilikata njia ya zamani kwenye kibao kwa wembe, nikaunga transista kutoka kwenye redio mbovu ili isimchoshe chipu, nikaongeza resista, na nikamaliza nikiwa natetemeka kuliko picha yoyote. Mbele, vijana walipiga kelele. Papa Kambale alikuja na koti lake na kaptula yake, akaweka pua karibu na kioo, akasema, "Sasa umetulia, weye mujinga," na sikujua kama anaiambia mashine au mimi. Nilikuwa na mashine nyingine nyingi za kubadilisha namna hiyohiyo, na kwa majuma kadhaa nilizibadilisha moja baada ya nyingine. Ningali naweza kuuona mguu ule nikifumba macho.

Nilikuwa katika kazi hiyo alasiri moja, nyuma ya makatoni, mashine imefunguliwa mapajani, Mwansa na wenzake wawili wakicheza upande wa pili wa kioo. Mvua ilikuwa imefukuza wengine. Jenereta lilizimwa kwa sababu siku hiyo umeme wa mji ulikuwapo, kwa hiyo nilisikia kila neno. Walikuwa wanazungumza kama watu wanaopanga kwenda kuchota maji.

"Ile avenue ya nyuma ya marché haiyaguswa," mmoja alisema, akimaanisha barabara ya nyuma ya soko.

"Kesho muchana," akajibu Mwansa. "Pasi, pasi, mupe huyu! Tutaanza na ile nyumba ya ule mama Mukasai, mwenye kuuzishaka unga. Iko na manjanja ya mupya."

"Ule mama munene? Anasemaka mingi."

"Ataenda kusema ku Kasai. Goli!"

Mabati mapya yalikuwa yetu. Tulikuwa tumeyaweka kabla ya mvua. Chuma cha kulehemu kilikuwa mkononi mwangu, na nadhani nilikuwa nimekishika vibaya, maana nilisikia harufu ya ngozi kabla ya kusikia maumivu. Alama ingalipo kwenye kidole gumba. Sikupiga kelele. Nilikaa nikihesabu pumzi, nikisikiliza mpira ukichezwa, nikijiuliza nitatokaje pale bila wao kuniona nimetokea wapi. Haikuwezekana. Saa yao iliisha, ikabidi niinuke, nipite kati ya makatoni nikiwa na kitambaa cha mama Masika kichwani, ninyoshe mkono na kuzima. Mwansa alinitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, au mimi ndivyo nilivyoona, kisha akasema polepole, "Yaya, leo uende kwako mapema. Unasikia? Enda tu." Nikasema nimesikia.

Tantine alikuwa amepika bukari na sombe, majani ya muhogo. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, na yeye akaniambia nikae, nile, mtu hasemi mambo hayo kwa tumbo tupu. Tukala. Mimi niliweka chakula mdomoni na kukitafuna bila kujua ni nini. "Ulisikia na masikio yako, ao bantu banakuambia?" akauliza. Na masikio yangu, tantine. "Banasema nyumba yetu?" Walisema mabati mapya, na mama wa unga, na kwamba unasema mingi. Hapo akacheka, kicheko kifupi, na macho yake yakajaa. Alisema yeye atawasubiri mlangoni awaulize wamemkosea nini, kwa sababu wengine wao aliwapa unga mama zao walipokosa. Nikamshika mkono na kidole changu kilichoungua kikagusa kiganja chake, akakigeuza, akakitazama. Hakusema tena habari ya kuwasubiri. Alimaliza kula, akaosha masahani yote, akayafuta, akayapanga kabatini makubwa chini, madogo juu. Nikamuuliza anamfanyia nani. "Hata kama ni bivi," alisema, yaani wezi, "basikute kwangu masahani machafu."

Asubuhi papa Kambale alikuja mwenyewe na lori la chumvi. Nilikuwa nimekwenda kwake jioni ileile, na alichoniuliza kilikuwa kimoja tu, kama tantine anaweza kupanda kwenye kibini ya lori kwa magoti yake. Mama Masika alikaa kati yetu. Alimfunga tantine kitambaa chake, akamvisha kitenge chake, akamwambia, "Mama, leo tu, ufunge kinywa. Kesho utasema ya siku mbili." Kwenye kona ya soko walikuwa wameweka gogo barabarani. Vijana walizunguka lori, mmoja akapanda kwenye ngazi na kuingiza kichwa dirishani. Mama Masika akaanza kumgombeza tantine kwa Kinande, lugha ya kwao Kivu, kwa kasi, kwa mikono, kama binti aliyechoshwa na mama mzee, na tantine, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akinyamaza hata kanisani, aliinamisha kichwa na kuvumilia kugombezwa kwa lugha asiyoijua.

"Huyu mama ni nani?" kijana akauliza.

"Mama mukwe," papa Kambale akasema.

"Anafanya nini?"

"Anataka kurudi kwao leoleo. Unazijua mama wakwe."

Kijana hakucheka. Akanigeukia mimi, akanitazama usoni. "Eh! Njo huyu fundi wa mashine," akasema kwa wenzake. "Papa, leo munafungua?" Papa Kambale akamwambia tunafungua saa nane. "Football iko?" Iko. "Haitetemeki?" Haitetemeki. Wakasogeza gogo.

Alitupeleka Karavia, kwenye nyumba ya mfanyabiashara mwenzake aliyekuwa amekimbilia Ulaya na kumwachia funguo. Hatukukaa kwenye nyumba kubwa, bali kwenye chumba cha mlinzi nyuma, chenye kitanda kimoja na dirisha moja lililotazama ukuta. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na baa, na kila mwisho wa juma muziki ulipigwa kutoka alasiri, watu wakacheka, glasi zikagongana, wanawake wakaitana majina, kana kwamba mji uliokuwa nyuma ya miti ile ulikuwa mji mwingine. Sikutoka nje ya ukuta kwa majuma mengi. Nilitembea kutoka mlangoni hadi kitandani, kutoka kitandani hadi mlangoni, mpaka tantine akanitishia kunifunga mguu kwa kitenge. Papa Kambale aliniletea mashine za mwisho ndani ya magunia nizitengeneze, na nadhani alifanya hivyo kwa ajili ya miguu yangu kuliko kwa ajili ya chumba chake. Ndiye aliyetuambia habari ya nyumba. Alivua kofia kwanza, na tulipoiona kofia tulijua. Walikuwa wameondoa mabati, mbao, madirisha, kila kitu. Kuta zilibaki na mvua ilikuwa inanyesha ndani.

Kesho yake tantine akasema atakwenda stesheni na kupanda treni na wengine. Niligombana naye kama sijawahi kugombana na mtu. Nilimwambia hana mtu kule, hana lugha ya kule iliyonyooka, watu wanakufa njiani ndani ya mabehewa. Alinisikiliza hadi mwisho. "Ninataka kuona hiyo Kasai banayosema ni kwetu," akasema. "Weye hauna lazima. Weye uko na kazi mu mikono." Tuliagana kwenye ukuta wa stesheni, kati ya masufuria na magodoro ya watu, naye akawa anawapanga wenzake wasibanane, sauti yake juu ya sauti zote. Alifika. Aliuza unga Mwene-Ditu, hukohuko Kasai, miaka mingi, akafa kwa uzee, na kati ya salamu alizonitumia kupitia wafanyabiashara kuna moja ninayoikumbuka neno kwa neno: "Huku nako banatuita bageni." Mimi nilivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia kwenye lori la chumvi, nikiwa na chuma cha kulehemu ndani ya sufuria, na nikaanza upya Kitwe kwa kutengeneza redio za watu chini ya baraza ya kinyozi.

Katika maisha yangu yote baada ya hapo niliwasimulia wanangu habari ya Mwansa. Niliwaambia palikuwa na kijana ambaye alijua nipo nyuma ya makatoni, akasema kwa sauti ili nisikie, na alipoona sijaelewa akaniambia niende nyumbani mapema. Mwanangu wa pili nilitaka kumpa jina lake. Mume wangu akakataa. Kwa hiyo nilipomwona kwenye kilio cha papa Kambale, amekaa kwenye kiti cha plastiki kati ya wanaume, mrefu bado, mvi, miwani imeshikwa kwa uzi, nilimjua kwa mabega yake na nikaenda moja kwa moja mbele yake. Alisimama. Nikamwambia mimi ni fundi wa mashine, nimebeba asante yake tangu ujana. Akaniuliza asante ya nini, nikamweleza. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Yaya," akasema, "hapana. Sikuyua kama uko mule. Nilifikiri wewe ni mudogo wa mama Masika, mutu wa Kivu. Sikuyua hata kama ule mama ni wa kwako."

"Lakini uliniambia niende nyumbani mapema."

"Ulikuwa unatuzimia mashine kila saa." Alikuwa anatazama miwani mkononi. "Papa Kambale hakuwa anaangaliaka saa. Nilitaka uende ili tubakie tunacheza."

Wanawake walikuwa wanaimba uani. Nikamuuliza kama siku ile, mchana, walipokwenda, naye alikuwapo. Akasema alikuwapo. Nikamuuliza alichukua nini. Angeweza kusema hakumbuki, wengi wangesema hivyo, na kwa hilo tu ninamheshimu hadi leo. "Mulango," alisema. "Ule wa mbele. Niliubeba ku kichwa mupaka kwa mama. Uko kule, ku jikoni. Yeye hayui umetoka wapi."

Kesho yake, baada ya maziko, nilimwambia Mwansa anipeleke kwa mama yake. Mama yake alikuwa mzee sana, mdogo, amekaa uani kwenye mkeka akichambua mboga ya lengalenga, na Mwansa alimwambia mimi ni mgeni kutoka Zambia, mtu wa papa Kambale. Mzee alifurahi. Alisema maji yako jikoni, nijichotee, miguu yake haimtaki leo. Nilikwenda. Mlango ulikuwa umepakwa rangi nyingine juu ya ile yetu, na chini umeliwa na maji, lakini ulikuwa wenyewe. Mwansa alibaki uani, mikono imening'inia. Nilishika kitasa, nikauinua mlango kidogo kwa bega, nikausukuma, ukafunguka bila sauti.

"Eh," mzee akasema nyuma yangu, "bageni bote unabakatalia huo mulango. Umejua namna gani kama banainuaka?"

Nilikuwa nimekwisha kuingia ndani, kwenye giza la jikoni na harufu ya makaa. Nikamwambia, kwetu kule milango yote iko hivyo.